Baruti ya Rivolva ya Magnum: Kuichagua na Kuipandisha Hatua kwa Hatua

Ulikuwa mlio wa "pu", kama mtu kafungua soda chumba cha pili. Nilikuwa na rivolva ya .44 Magnum kwenye uwanja wa shabaha nje ya Columbus, Ohio, na kidole kilishaanza kuvuta tena. Mzee mmoja wa meza ya pili akasema neno moja: "Acha." Nikangoja nusu dakika, mtutu ukiwa umeelekea kwenye kifusi, kisha nikafungua silinda. Chembe za manjano zikamwagika mezani kama mchanga mwembamba. Nilipochungulia mtutu kwa tochi sikuona mwanga upande wa pili. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama humo ndani. Ningevuta mara ya pili, kichwa cha nyuma kingekutana na cha mbele, na mtutu ungepasuka mkononi mwangu.

Baruti ile niliipunguza mwenyewe, asilimia 15 chini ya kilichoandikwa kitabuni, nikijiona mtu makini. Ilikuwa H110. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na baruti kabla ya mashine: kwenye magnum hatari iko juu na iko chini pia, na kila baruti ina chini yake.

Kabla hatujaendelea, habari ya sheria. Marekani mtu anayeruhusiwa kumiliki silaha anaweza kujitengenezea risasi za matumizi yake bila leseni ya serikali kuu. Akitaka kufanya biashara ya kuziuza, leseni inahitajika. Kenya na Tanzania mambo ni tofauti kabisa: kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Ukiwa huko, soma kwa kujifunza tu.

Maneno tuelewane. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Uzito wa baruti na wa kichwa hupimwa kwa greni. Greni 7,000 ni ratili moja, na greni moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Kwa hiyo mizani ya jikoni isahau.

Kwanza, lielewe ganda lako

.357 Magnum ilitoka mwaka 1935. Ni .38 Special iliyorefushwa ganda kwa takriban milimita 3.4, na sababu kubwa ya kurefusha ilikuwa kuizuia isiingie kwenye rivolva dhaifu za .38. Miaka ishirini baadaye, 1955, .44 Magnum ikazaliwa kwa njia hiyo hiyo kutoka .44 Special, baada ya Elmer Keith, mwandishi wa mambo ya silaha, kuwasumbua watengenezaji kwa miaka mingi. Shinikizo linaloruhusiwa ndani ya ganda ndilo lililobadilika sana. Kipimo cha juu cha .38 Special ni psi (ratili kwa inchi mraba) 17,000, cha .357 Magnum ni 35,000, na cha .44 Magnum ni 36,000.

Kinachokuhusu hapa ni nafasi. Maganda haya ni marefu, na baruti ya leo isiyo na moshi haihitaji nafasi kubwa kama ile nyeusi ya zamani. Wazee wetu wa gobore walikadiria kwa mkono na kushindilia, na mara nyingi gobore likawasamehe. Baruti ya leo haina msamaha huo. Baruti ya haraka, yaani inayoungua upesi, ukiitia kwenye ganda la .44 inalala chini kama sukari iliyobaki kwenye kikombe. Ukiitia mara mbili kwa kusahau, inaingia, na macho yaliyochoka hayaoni tofauti. Ile ya polepole hujaza ganda karibu lote: ukiitia mara mbili inafurika mezani. Mimi sababu hii peke yake inanitosha kuchagua baruti inayojaza.

Pili, chagua baruti kwa kazi yake

Zigawe katika makundi matatu, kwa kasi ya kuungua.

Za haraka ni kama Bullseye, Titegroup, na HP-38 (ambayo ni baruti ile ile inayouzwa pia kwa jina la Winchester 231). Hizi ni za risasi nyepesi za mazoezi. Zinatumia baruti kidogo, hazirudishi mkono nyuma sana, na mfuko hauumii. Ubaya wake nimeshausema: kuzidisha mara mbili ni rahisi. Tena shinikizo lake hupanda ghafla, kwa hiyo usizilazimishe kutoa kasi ya magnum. Anayejaribu anafikia kikomo cha shinikizo kabla hajafika hata karibu na kasi anayoitaka.

Za katikati ni Unique na HS-6. Unique ni ya tangu mwaka 1900, na bado watu wanaipenda kwa vichwa vya kumimina (vya madini ya risasi iliyoyeyushwa), kwa mwendo wa wastani. Haipimiki vizuri kwenye kipimio (chombo cha kugawia baruti) kwa sababu chembe zake ni vibapa vinavyokwama, lakini inafanya kazi. Kama rivolva yako ni nyepesi na hutaki kuumia kiganja, mahali pako ni hapa.

Za polepole ndizo za magnum hasa: Alliant 2400, Accurate No. 9, na H110. Fahamu kwamba H110 na Winchester 296 ni baruti moja kwenye makopo mawili. Ukikosa moja dukani, nunua nyingine bila wasiwasi, ila fuata vipimo vilivyochapishwa kwa jina la kopo ulilonunua.

Kati ya 2400 na H110 ndipo watu wanapobishana, na mimi nina upande. H110 inatoa kasi kubwa zaidi kwa shinikizo linaloruhusiwa, na inapita kwenye kipimio kama maji kwa kuwa chembe zake ni viduara vidogo sana. Lakini ina masharti ya mganga. Inataka fataki ya magnum (yenye moto mkali zaidi), kichwa kizito kiasi, na mdomo wa ganda uliobanwa kwa nguvu. Na haitaki kupunguzwa: onyo la Hodgdon, kampuni inayoiuza, ni kutoshuka zaidi ya asilimia 3, na Winchester kwa miaka mingi iliandika kwamba 296 isishushwe kabisa. Sababu ni kwamba chembe zake zimepakwa dawa ya kuchelewesha moto. Ili ziungue zinahitaji joto na shinikizo vishikane tangu mwanzo. Ukiacha nafasi ndani ya ganda, au kichwa kikitoka mapema, moto unafifia njiani. Hapo ndipo unaposikia "pu".

2400 ni ya tangu miaka ya 1930, na ina moyo wa ukarimu. Inashuka na kupanda bila kukugeuka, na kwa kawaida inawaka kwa fataki ya kawaida. Kasi yake ya juu inazidiwa kidogo na ya H110, na huacha chembechembe ambazo hazijaungua ukiitumia chini sana. Anayeanza namwambia aanze na 2400. H110 aiweke kwa ajili ya siku atakapojua anachotaka: risasi nzito ya kuwindia, ya kipimo kamili, bila kuchezacheza.

Bastola yenyewe pia ina sauti katika uchaguzi huu. Kwenye rivolva za .357 zenye fremu ya wastani, kama Model 19 ya Smith & Wesson, koo la mtutu (pale kichwa kinapoingilia kutoka kwenye silinda) limechongwa bapa upande wa chini ili kupisha silinda, na pale chuma ni chembamba. Vichwa vyepesi vya greni 125 vikisukumwa kwa nguvu kamili hulichosha koo hilo, na baadhi yamepasuka. Kwa bastola ya namna hiyo tumia greni 158 na usiishi juu ya kipimo cha juu. Ruger Blackhawk au Redhawk zinavumilia zaidi, lakini kikomo cha kitabu ni kile kile kwa zote.

Tatu, vitabu

Hutaona uzito wowote wa baruti katika mwongozo huu, na nimefanya hivyo makusudi. Nukta moja ikiruka, 8.5 inakuwa 85, na mimi sitakuwepo mezani kwako. Namba zitoke kwa mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, toleo la karibuni, kisha uzilinganishe na chanzo cha pili. Viwili vikitofautiana, anza na cha chini.

Tahadhari na vitabu ulivyorithi. Zamani shinikizo lilipimwa kwa kuangalia kipande kidogo cha shaba nyekundu kilivyobanwa, na namba zake hazilingani na psi za leo. Vipimo vingi vya miaka ya 1960 viko juu ya vinavyokubalika sasa.

Kichwa kifanane na cha kitabu kwa uzito na kwa umbo. Vichwa viwili vya greni 240, kimoja kirefu kuliko kingine, havikai ndani ya ganda kwa kina kimoja. Kinachozama zaidi kinapunguza nafasi ya baruti na kupandisha shinikizo. Cha kumimina na kile chenye koti la shaba nyekundu nacho si kitu kimoja. Na kipimo cha .357 Magnum kisiingie kamwe kwenye ganda la .38 Special, hata kama utaipigia kwenye bastola ya .357. Ipo siku risasi hiyo itaingia kwenye bastola ya mtu mwingine.

Nne, kazi ya mezani

Kaa peke yako. Zima simu. Usile, usivute sigara, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kwa sababu ya sumu ya madini ya risasi. Mezani kuwe na kopo moja tu la baruti na aina moja ya fataki. Baruti usiyoijua jina usiikisie: mimi niliwahi kukuta kikopo bila lebo, nikaimwaga kidogo kidogo kwenye nyasi za uani. Nyasi zilishukuru.

Maganda yasafishe, kisha lishike kila moja mwanga ukiwa pembeni. Lenye ufa mdomoni au mstari unaong'aa juu kidogo ya kitako, tupa. Yapitishe kwenye kalibu ya kabaidi (kifaa kigumu cha kuyabana) ili yarudi kwenye umbo lake na fataki kuukuu itoke. Pima urefu kwa vania (kipimo cha milimita cha kubana): .357 isizidi milimita 32.77, .44 isizidi 32.64. Yakate yalingane, maana urefu ukitofautiana na ubanaji wa mdomo utatofautiana, na hilo tutalirudia.

Fungua mdomo kidogo tu kama tarumbeta, kiasi cha kichwa kukalia bila kukwaruzwa. Tia fataki: ndogo ya bastola kwa .357, kubwa ya bastola kwa .44. Pitisha kidole juu yake. Isitokeze hata kidogo. Fataki iliyotokeza hukwamisha silinda isizunguke, na inagongwa vibaya.

Sasa baruti. Mizani ihakikiwe kwanza kwa kijiwe chenye uzito unaojulikana. Mimi natumia kibao chenye matundu 50, kinafanana na bao la kete. Maganda yote yanaanza yakiwa yameinamishwa, mdomo chini. Naokota moja, naligeuza, natia baruti, nalirudisha likiwa limesimama. Kwa namna hiyo hakuna ganda lililosimama bila baruti, na hakuna lililosimama litakalotiwa tena. Kipimo cha kwanza hadi cha kumi napima kila kimoja, baadaye kila cha tano. Kisha nachukua tochi na kupita mistari yote nikitazama ndani: kimo kilingane kote. Ganda ninalolitilia shaka namwaga na kuanza upya. Mtu akinigongea mlango katikati ya kazi, ganda lililoko mkononi namwaga pia.

Kalisha kichwa mpaka mdomo wa ganda ufike katikati ya mfereji uliochongwa juu yake. Hatua ya mwisho ni kubana mdomo uingie kwenye mfereji huo. Ukiweza, ukalishaji na ubanaji uwe kazi mbili tofauti kwenye presi (mashine ya mkono ya kutengenezea risasi), si moja.

Ubanaji ndio wengi hufanya kwa kupapasa. Kwenye rivolva, risasi zilizobaki ndani ya silinda hurudishwa nyuma kwa nguvu kila unapopiga, ila vichwa vyake vina uzito na vinataka kubaki vilipokuwa. Visipobanwa vinatambaa mbele mpaka ncha itokeze nje ya silinda, na silinda inagoma kuzunguka. Jaribu hivi: chukua risasi moja, pima urefu wake, iandike namba sita. Piga tano nyingine, itoe hiyo ya sita bila kuipiga, upime tena. Ikiwa imerefuka kiasi cha kuonekana kwenye vania, ongeza ubanaji. Kwa H110 ubanaji huo ndio unaoshikilia kichwa mpaka moto ukolee.

Urefu wa jumla usizidi milimita 40.39 kwa .357 na 40.89 kwa .44. Kisha kila risasi idondoke yenyewe kwenye silinda ya bastola yako, bila kusukumwa kwa kidole.

Tano, kupandisha

Chukua kipimo cha kuanzia kilichomo kitabuni. Kama kitabu kinatoa kipimo cha juu tu, kawaida ni kushuka asilimia 10. Kawaida hiyo haihusu H110 na 296, ambazo unabaki ndani ya namba zilizochapishwa, basi. Tengeneza risasi sita tu, panda 0.3 za greni kwa .357, au 0.5 kwa .44, tengeneza sita nyingine, na kadhalika. Makundi manne yanatosha. Kila sita ziweke kwenye mfuko wake na karatasi ndani.

Uwanjani anza na za chini. Vaa miwani, na masikioni vaa kinga mbili, za ndani na za juu. Magnum ni mkali. Vidole visikae kando ya silinda, maana moto unaotoka kwenye mwanya kati ya silinda na mtutu unakata ngozi. Egemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, karatasi ya shabaha iwe yadi 25. Sikiliza kila mlio. Mlio dhaifu, simama, chungulia mtutu baada ya kuondoa risasi zote.

Baada ya kila sita, fanya mambo mawili. Sukuma kijiti cha kutolea maganda kwa kidole gumba: yatoke kama pipi kwenye karatasi. Yakigoma, umepita, usipige kundi la juu yake. Na ujue kwamba maganda yakishaanza kukwama, shinikizo limezidi kitambo, kwa hiyo usiisubiri dalili hiyo kama taa nyekundu ya barabarani. Fataki zilizobapika nazo zitazame, ingawa zinadanganya; fataki laini hubapika hata kwenye kipimo cha wastani.

Chombo kinachosema kweli zaidi ni kipima-mwendo. Kasi haipatikani bure. Kama kitabu kinasema kipimo cha juu kinatoa kasi fulani, na wewe umeifikia kasi hiyo ukiwa bado chini ya kipimo, ujue shinikizo lako limeshafika kwenye kikomo, simama hapo. Kinyume chake ukiona kasi yako iko chini ya kitabu, usiongeze ili kuikimbiza. Angalia kwanza mtutu wao wa majaribio ulikuwa na urefu gani. Mara nyingi wao wanatumia mirefu kuliko wa kwako wa inchi nne. Mwaka wa kwanza nilipoteza wikendi mbili nikifukuza namba ambayo bastola yangu haikuumbiwa.

Tazama pia kasi zinavyotofautiana ndani ya kundi moja. Zikipishana sana huku baruti ni ya polepole, moto haushiki vizuri: kagua ubanaji na aina ya fataki kabla hujagusa uzito.

Mwishoni una karatasi nne zenye matundu. Chagua iliyokusanyika, hata kama ni ya kundi la pili. Ya kwangu kwa paa wa Ohio, kichwa cha greni 240 kwenye .44, iko chini ya kipimo cha juu cha 2400 kwa zaidi ya greni moja, na paa hajawahi kulalamika. Wanaolalamika ni wenzangu wa uwanjani wanaopenda mwali mkubwa.

Ukishachagua, rudi chini ukibadilisha chochote: fataki ya kampuni nyingine, kopo jipya la baruti lenye namba tofauti ya toleo, maganda ya aina nyingine. Si lazima mwanzo kabisa, lakini shuka hatua mbili upande tena.

Kila boksi liandike siku hiyo hiyo: ganda, kichwa, fataki, baruti na uzito wake, urefu, tarehe, na bastola iliyotengenezewa. Baruti iliyobaki kwenye kipimio irudishe kwenye kopo lake kabla hujainuka, si kesho asubuhi. Na kama ulikuwa ukipiga .38 kwenye silinda ya .357, sugua kile kiduara cha masizi kilichobaki mbele ya matundu kabla ya kutia magnum, la sivyo zitaingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi, nawe utadhani ni shinikizo.